Zawadi ya Stalin katikati ya Warsaw: kwa nini hawajaibomoa?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Arusha, nasoma shahada ya uzamili hapa Warsaw, Polandi. Katikati ya jiji kuna jumba moja kubwa lenye mnara, wanaliita Jumba la Utamaduni na Sayansi. Bibi mwenye nyumba ninakopanga hataki hata kulisikia. Anasema ni zawadi ya Stalin na ni fedheha kwa taifa. Wanafunzi wenzangu nao wanavaa fulana zenye picha yake, wanakunywa kahawa humo ndani na wamelipa jina la utani. Nasikia sanamu nyingi za enzi za Kisovieti zimeshang'olewa. Hili limeponaje? Na kati ya bibi na vijana, nani anaelewa maana yake?"

Jibu:

Marahaba, na hongera kwa masomo. Nianze na la mwisho. Bibi anaelewa na vijana wanaelewa, ila wanazungumzia mambo mawili. Bibi anazungumzia nani alilijenga jumba lile, na kwa mabavu gani. Vijana wanazungumzia nani analitumia. Kwa maoni yangu jumba limepona kwa sababu hili la pili limelizidi nguvu la kwanza pole pole, bila kulifuta. Hakuna siku Wapolandi walikaa kitako wakakubaliana kusamehe. Waliingia ndani, kizazi baada ya kizazi, wakaogelea, wakaangalia maigizo, wakafanya mitihani na mikutano, hata likawa lao kabla hawajaamua kama wanalitaka.

Lakini tukikimbilia hapo tutamkosea bibi heshima. Tuanze na uchungu wake.

Mwezi Agosti 1944 wakazi wa Warsaw waliinuka na silaha dhidi ya utawala wa Hitler. Walipigana siku 63. Katikati ya Septemba Jeshi Jekundu lilikuwa limeshaikamata Praga, sehemu ya jiji iliyo ng'ambo ya mashariki ya mto Vistula, karibu kiasi kwamba mto tu ndio uliowatenga na wapiganaji. Msaada uliovuka maji ulikuwa mdogo na haukubadili kitu. Uasi ulipozimwa, Wajerumani waliwafukuza watu waliobaki, kisha wakapita mtaa kwa mtaa wakichoma na kulipua. Wasovieti walipoingia Januari 1945, kadiri ya asilimia 85 ya majengo ilikuwa kifusi. Ndipo miaka saba baadaye, tarehe 5 Aprili 1952, serikali mbili zikatia saini mkataba: Umoja wa Kisovieti utaijengea Warsaw jumba refu, kama zawadi ya watu wake kwa taifa la Polandi. Polandi ya wakati ule haikuwa na nafasi ya kusema hapana.

Na wewe wa Arusha una ushahidi wa habari hii karibu na kwenu. Nenda Tengeru ukaone makaburi ya Wapolandi. Tarehe 17 Septemba 1939, Wajerumani wakiwa wameshaivamia Polandi kutoka magharibi, jeshi la Stalin liliingia kutoka mashariki. Familia kwa maelfu zilipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Baadhi yao waliruhusiwa kuondoka mwaka 1942 kupitia Iran, na Waingereza wakawatawanya katika makoloni yao. Wapatao 5,000 waliwekwa Tengeru, wengine Masindi na Koja kule Uganda. Vita vilipokwisha wengi hawakuwa na kwa kurudi, maana vijiji vyao vilikuwa vimemegwa na kutiwa ndani ya mipaka ya Umoja wa Kisovieti. Ongeza mauaji ya Katyn ya mwaka 1940, ambamo maofisa wa jeshi, polisi na wasomi wa Kipolandi wapatao 22,000 waliuawa kwa amri ya Moscow, na Moscow ikakana mpaka 1990. Jumba lilipofunguliwa Julai 1955, kuitaja Katyn hadharani kama ulivyokuwa ukweli wake kulikuwa kosa. Mtu aliyekulia katika ukimya huo, ukimwambia jengo ni zuri na lina mandhari ya kuvutia kutoka juu, atakuona mtoto.

Sasa jengo lenyewe. Mbunifu alikuwa Lev Rudnev, Mrusi yule yule aliyebuni jengo kuu la Chuo Kikuu cha Moscow, ndiyo maana ukiona picha za yote mawili utadhani ni ndugu. Siasa ya ujenzi ya wakati huo ilitaka umbo liwe la kitaifa na roho iwe ya kijamaa. Kwa hiyo Rudnev na wenzake walizungushwa miji ya zamani ya Polandi, Kraków, Zamość, Kazimierz Dolny na mingineyo, wakachora mapambo. Siku ukipita, simama uwanjani utazame kingo za paa za majengo ya chini yanayouzunguka mnara. Utaona safu za vijimnara na mapambo ya mawe kama taji. Hayo yamenakiliwa kutoka nyumba za wafanyabiashara wa Kipolandi wa karne ya 16 na 17. Mwili ni wa Moscow, kilemba ni cha Kraków.

Kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita, nami naona lina uzito. Wakati wa kuamua urefu, ndege ndogo ilirushwa juu ya eneo ikiwa na puto, na wasanifu wa nchi zote mbili wakasimama ng'ambo ya mto wakitazama. Kadiri ndege ilivyopanda, kwa masimulizi ya Józef Sigalin, aliyekuwa mbunifu mkuu wa jiji, ni Wapolandi walioshangilia wakitaka ipande zaidi. Wengi wao walikuwa wamerudi kwenye jiji la vifusi na walitaka kitu kirefu. Hilo halilifanyi jumba kuwa chaguo la wananchi, kwa sababu wananchi hawakuulizwa. Lakini linaonyesha kwamba tangu siku ya kwanza mikono ya Kipolandi ilikuwamo, na tamaa ya Kipolandi pia.

Ujenzi ulianza Mei 1952 ukaisha Julai 1955. Matofali milioni 40, ghorofa 42, vyumba 3,288, na urefu ambao leo, pamoja na mlingoti wa kileleni, ni mita 237. Maelfu ya wafanyakazi wa Kisovieti waliletwa na kujengewa kijiji cha nyumba za mbao huko Jelonki, magharibi mwa jiji. Nyumba hizo baadaye zikawa mabweni ya wanafunzi. Wafanyakazi kumi na sita kati ya hao wa Kisovieti walikufa katika ajali kazini na wamezikwa katika makaburi ya Waorthodoksi mtaa wa Wola. Naona ni haki kuwataja, kwa kuwa katika ugomvi wa Stalin na Polandi hao husahauliwa na pande zote. Stalin alipofariki Machi 1953, jengo likapewa jina lake.

Na pale lilipojengwa hapakuwa jangwa. Hapo palikuwa na mitaa minene ya nyumba za ghorofa, Wapolandi Wakatoliki na Wayahudi wakiishi ukuta kwa ukuta. Nyingi zilibomoka vitani, lakini si zote. Zilizosalimika zilivunjwa na waliokuwamo wakahamishwa. Kabla ya hapo, wakati wa utawala wa Wajerumani, sehemu ya eneo hilo ilikuwa ndani ya geto, mtaa uliozungushiwa ukuta ambamo Wayahudi walifungiwa. Karibu na jumba utaona alama chini zinazoonyesha ukuta ulipopita. Usizipite. Mtaa wa Sienna namba 16, makazi ya mwisho ya kituo cha yatima cha daktari na mwandishi Janusz Korczak yalikuwa takribani pale ulipo leo ukumbi wa vikaragosi uitwao Teatr Lalka, ubavuni mwa jumba. Mapema Agosti 1942 Korczak na wenzake walitembea kutoka hapo na watoto wapatao 200 hadi kwenye treni za kwenda Treblinka, kambi ya mauaji ya Wajerumani. Hakuna aliyerudi. Sanamu ya kumkumbuka ipo kwenye bustani upande wa kaskazini wa jumba, amezungukwa na watoto. Wapolandi wengi wanapogombania jumba hubishana juu ya Stalin tu. Mimi naona tabaka hili la chini ndilo zito kuliko yote, na uzito wake hautokani na Moscow kabisa.

Swali lako la msingi lilikuwa limeponaje. Watu humjibu mgeni kwamba kubomoa ni gharama, jengo ni kubwa mno. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu Warsaw imewahi kubomoa jengo kubwa la Warusi, na lilikuwa gumu vile vile.

Kwa miaka mia moja hivi, hadi 1915, Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Kati ya 1894 na 1912 Warusi walijenga katika uwanja wa Saski, ambao leo ni uwanja wa Piłsudski, kanisa kuu la Kiorthodoksi la Mtakatifu Alexander Nevsky. Mnara wake wa kengele ulifika kama mita 70, miongoni mwa mirefu kabisa jijini. Kusudi lilikuwa wazi: kila Mpolandi Mkatoliki akiinua macho aone nani bwana. Uhuru ulipopatikana 1918 ubishi ukaanza, na wapo Wapolandi waliosema jengo libaki kwa thamani ya sanaa iliyomo. Wakashindwa. Jiji liliuza hatifungani ili mwananchi wa kawaida naye achangie ubomoaji, na kazi ikaendelea katikati ya miaka ya 1920, kwa milipuko midogo midogo kwa maelfu, hadi 1926. Baadhi ya mapambo ya ukutani yalihamishiwa kanisa la Kiorthodoksi la Praga. Nguzo za jiwe la thamani zikapelekwa Kraków, na leo zimebeba paa la mlango wa kaburi la Marshal Piłsudski kwenye kanisa kuu la Wawel, mtu aliyetumia maisha yake kupigana na Urusi.

Kwa hiyo uwezo walikuwa nao, na nia waliwahi kuwa nayo. Tofauti ni nini? Lile kanisa halikumpa Mpolandi kitu. Lilijengwa kwa ajili ya maofisa na askari wa Kirusi, naye alilipita akiwa nje miaka yote. Utawala ulipoondoka, waumini wake wengi waliondoka nao, na jengo likabaki ganda. Jumba la Utamaduni halijawahi kuwa ganda hata siku moja.

Lilipofunguliwa tu, siku kama kumi baadaye jiji lilipokea tamasha la kimataifa la vijana na wanafunzi, vijana wapatao 30,000 kutoka nchi zaidi ya 100. Lilikuwa tamasha la propaganda, ndiyo, lakini kwa kijana wa Warsaw aliyefungiwa ndani ya mipaka miaka kumi, kumwona Mfaransa, Mwafrika na Mwitaliano wakicheza muziki barabarani kulikuwa jambo ambalo propaganda haikulipanga. Ndani ya jumba kulikuwa na kumbi za maigizo, sinema, makumbusho, ofisi za Chuo cha Sayansi cha Polandi, na sehemu ya vijana yenye karakana, kumbi za kujifunzia na bwawa la kuogelea lenye jukwaa la kupigia mbizi. Mwulize Mpolandi yeyote aliyekulia Warsaw kati ya 1955 na 1990 alijifunzia wapi kuogelea, kuchora au kuunda redio. Wengi watakutajia Jumba la Vijana mule ndani. Bibi yako mwenyewe, ukimwuliza kwa adabu watoto wake waliogelea wapi, sitashangaa akikujibu hivyo hivyo.

Siasa nayo ilipita hapo, na mara nyingi ilikwenda kombo ya matarajio ya waliolijenga. Tarehe 24 Oktoba 1956, miaka mitatu baada ya kifo cha Stalin, mamia ya maelfu ya watu walijaa uwanja wa gwaride mbele ya jumba kumsikiliza Władysław Gomułka, kiongozi mpya aliyewahi kufungwa na makomredi wenzake, akiwaahidi Polandi yenye kujiamulia. Ahadi hiyo iliharibika baadaye, lakini siku ile uwanja wa Stalin ulitumiwa kumshangilia mtu aliyeonekana kuikatalia Moscow. Jina la Stalin likaondolewa kwenye jengo. Aprili 1967 Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, walipiga muziki katika Ukumbi wa Mikutano wa jumba, ule ule wa mikutano mikuu ya chama cha kikomunisti, huku nje polisi wakipambana na vijana waliokosa tiketi. Juni 1987 Papa Yohane Paulo wa Pili, Mpolandi, aliadhimisha misa uwanjani hapo. Na Januari 1990 chama tawala chenyewe kilikutana katika ukumbi huo kwa mara ya mwisho, kikajivunja, na bendera yake ikatolewa nje. Watu waliojengewa ukumbi ndio walioaga humo, na wenye jiji wakabaki na funguo.

Nikwambie kitu kimoja cha kutafuta kwa macho yako. Kwenye kuta za nje kuna vidaka vyenye sanamu za mawe za watu wa taaluma na kazi mbalimbali. Mmoja wao ni kijana aliyeshika kitabu. Juu ya kitabu yamechongwa majina: Marx, Engels, Lenin. Chini ya Lenin pana nafasi tupu. Hapo palikuwa na jina la nne, na lilifutwa kwa patasi. Nawapenda wanafunzi wangu waitazame sanamu hii kwa sababu inaonyesha namna Warsaw ilivyolishughulikia jengo zima. Hawakuliangusha sanamu lote. Walifuta jina, wakamwacha kijana na kitabu chake.

Baada ya 1989 sanamu za watu zilianguka upesi. Ile ya Felix Dzerzhinsky, Mpolandi aliyeanzisha polisi ya siri ya Kisovieti, iliangushwa jijini Novemba 1989 watu wakishangilia. Mnara wa askari wa Kisovieti na wa Kipolandi pale Praga, ambao wenyeji waliuita Walala Wanne kwa namna sanamu zake zilivyoinamisha vichwa, uliondolewa 2011 kupisha ujenzi wa metro, na haukurudishwa. Kilichosaidia ni kwamba sanamu ina kazi moja tu, kutukuza. Ukiacha kumtukuza aliyechongwa, haina kazi nyingine. Ukitaka kulinganisha, angalia Riga, Latvia: Agosti 2022 waliuangusha mnara wa ushindi wa Kisovieti uliokuwa na urefu wa mita 79, lakini jengo la Chuo cha Sayansi, ghorofa la enzi ya Stalin linalofanana sana na hili la Warsaw, limesimama mahali pake.

Miaka ya 1990 jumba halikuwa na mtetezi wa wazi, na bado halikuanguka. Uwanja wa gwaride ukageuka gulio. Mabanda ya wachuuzi yalijaa pale ambapo mizinga na wanamichezo walikuwa wakipita mbele ya viongozi. Uliweza kununua suruali ya jinzi kwenye kivuli cha jukwaa la kupokelea saluti. Mwaka 1992 shindano la kimataifa la wasanifu lilipewa ushindi kwa wazo la kulizungushia jumba duara la maghorofa mapya ili lifichike katikati. Halikujengwa. Sababu kubwa ni ardhi. Mwaka 1945 serikali ilitwaa kwa amri moja ardhi yote ya Warsaw, na demokrasia iliporudi, warithi wa wenye viwanja wa zamani walijitokeza kudai. Chini ya uwanja ule ulalao kama meza moja kuna mamia ya viwanja vidogo vya kabla ya vita, kila kimoja na wenyewe. Kiwanja kimoja ubavuni mwa jumba, Chmielna namba 70, kilizua mwaka 2016 kashfa kubwa ya urejeshaji ardhi iliyotikisa uongozi wa jiji. Ndiyo sababu eneo ghali kuliko yote nchini lilibaki wazi, limejaa magari, kwa zaidi ya miaka 30. Wachuuzi wenyewe waliishia kwenye jengo kubwa la bati, nao wakaondolewa kwa nguvu Julai 2009 baada ya vurugu za siku nzima.

Februari 2007 jumba liliandikishwa rasmi kama jengo la urithi. Kelele zilikuwa nyingi. Waliopinga walisema nchi haiwezi kulinda kwa sheria alama ya kunyanyaswa kwake, na hoja hiyo siidharau hata kidogo. Radosław Sikorski, ambaye amekuwa waziri wa ulinzi na wa mambo ya nje, alipendekeza libomolewe pawekwe bustani. Mwaka 2017 Mateusz Morawiecki, aliyekuwa karibu kuwa waziri mkuu, alisema ameota kulibomoa tangu zamani. Wakati huo huo bunge lilikuwa limepitisha sheria ya 2016, iliyopanuliwa 2017, ya kuondoa majina na minara inayotukuza ukomunisti. Lakini sheria hiyo hiyo iliviacha vitu vilivyomo kwenye daftari la urithi. Kwa hiyo leo, kisheria, jumba limekingwa, na mwenye jumba ni jiji la Warsaw lenyewe.

Sasa vijana wenzako. Jina la utani unalolisikia ni Pekin, kutokana na herufi za mwanzo za jina lake la Kipolandi. Kuna mzaha wa zamani kwamba mandhari bora ya Warsaw ni ile ya kutoka juu ya jumba, maana ndipo mahali pekee ambapo hulioni. Babu alipousema mzaha huo alikuwa anajikinga na kitu kilichomkandamiza. Mjukuu anausema kwenye lifti, akipanda na wageni kwenda roshani ya ghorofa ya 30, na hakuna kinachomkandamiza. Usidhani mjukuu hajui historia. Shuleni amesoma Katyn kwa kina ambacho babu yake hakuruhusiwa. Ila yeye hakuwahi kuishi na jumba hilo likiwa na jina la Stalin mlangoni.

Halafu macho yamebadilika. Mwaka 1955 jumba lilisimama peke yake juu ya jiji tambarare, na kutoka kila dirisha lilikuangalia. Tangu mwaka 1989, ilipofunguliwa hoteli ndefu mkabala na kituo kikuu cha treni, maghorofa ya vioo yamekuwa yakiongezeka. Mwaka 2021 Varso Tower, upande wa pili wa kituo, ililipita kwa urefu. Kwa mlingoti wake inafika mita 310. Katikati ya benki na ofisi, jumba la mawe lenye vidaka na taji la Kraków sasa ndilo linaloonekana la kienyeji. Naiona hii kuwa nguvu kubwa zaidi ya mabadiliko baada ya matumizi, na haikupangwa na mtu yeyote. Kozi wametaga kwenye ghorofa za juu kwa miaka mingi, na wakazi huwafuatilia kwa kamera. Saa kubwa iliyowekwa kwenye mnara kuingia mwaka 2001 ina nyuso nne zenye kipenyo cha mita 6.3, na watu wanaopishana kituoni huiangalia bila kuwaza lolote kuhusu siasa.

Kama ningetakiwa kuchagua wakati mmoja ambapo maana ilipinduka mbele ya macho ya dunia, ningechagua Februari 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine, mnara huo uliwashwa taa za bluu na njano, rangi za bendera ya Ukraine. Dakika chache kwa miguu kutoka hapo, kituo kikuu kilikuwa kimejaa akina mama na watoto waliotoka Kyiv na Kharkiv, na wenyeji wakiwagawia supu na laini za simu. Zawadi ya Moscow ilitangaza kwa mita 237 kwamba jiji liko upande wa waliovamiwa na Moscow. Bomoa ungeweza kubomoa, lakini usingepata ujumbe huo. Hapa ndipo ninapoachana na wanaotaka livunjwe, pamoja na heshima yangu yote kwa uchungu wao.

Sikubaliani pia na wale wanaolifanya jumba pambo tupu, soksi na vikombe, kana kwamba ni mnara wa tamasha. Oktoba 2024 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa yalifunguliwa uwanjani pale, jengo jeupe la zege lililobuniwa na Mmarekani Thomas Phifer, na uwanja wenyewe unapangwa upya kwa miti na njia za miguu. Nafurahi. Lakini kadiri uwanja unavyopendeza ndivyo alama za ukuta wa geto na anwani ya Sienna 16 zinavyohitaji kuonekana zaidi, kwa sababu mgeni anayekuja kupiga picha hatauliza.

Kwa bibi, ushauri wangu ni huu. Usimwulize kama anapenda jengo. Mwulize familia yake iliishi mtaa gani kabla ya vita, na nani alirudi. Akitaka kuzungumza utapata darasa ambalo chuo hakina. Akikataa, mwache.

Na siku moja ukiwa na nafasi, ingia ndani mchana wa kikao cha baraza la jiji. Madiwani wa Warsaw hukutana humo humo, na vikao viko wazi kwa umma. Utawasikia wakibishana kuhusu nauli za basi, shule za chekechea, na Ukumbi wa Mikutano ambao umefungwa tangu 2014 kwa ukarabati uliochukua muda mrefu mara kadhaa kuliko ujenzi wa jumba zima. Kiswahili hakitakusaidia mle, lakini Kipolandi chako cha mwaka wa pili kitatosha kufuata hoja ya bajeti.